Nilivyochagua impact ya upepo kwa wivu wa jirani, na baba mkwe akaondoka kwenye gari la huyohuyo jirani

Wakuu, habari za humu ndani. Leo naleta kisa changu mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkiona mahali najisifu, hapo tu ndipo msiniamini sana.

Nimeona watu wengi humu wanauliza wanunue impact ya upepo, ile mashine ya kufungulia nati za tairi, ya aina gani kwa kutengenezea gari nyumbani. Nimesoma majibu yote nikacheka peke yangu, maana mimi nilishapita njia hiyo.

Nilichagua kwa wivu. Ndiyo, wivu kabisa, ule wa kukosa hamu ya kula.

Nipo Kasongo, Maniema, mashariki mwa Kongo. Nina kiduka na pickup ya zamani. Huku mafundi ni wachache na mvua ikinyesha barabara inakuwa tope tupu, kwa hiyo mwenye gari anajifunza kujitengenezea uani kwake, la sivyo aliuze arudi kwenye baiskeli.

Mimi nilijifunza. Silaha yangu ilikuwa spana ya tairi na kipande kirefu cha bomba la chuma. Unavisha bomba kwenye mpini wa spana, unaegemea kwa uzito wako wote, nati inalia kwiii halafu inaachia.

Mtaani walikuwa wakinijia: njoo utufungulie nati, imeganda. Naenda. Nisiseme uongo, hiyo heshima niliipenda kuliko duka langu.

Na gari la baba mkwe, Mzee Salumu, halikuguswa na mkono mwingine zaidi ya wangu. Kwa ukoo wa mke wangu hilo ni jambo kubwa. Mkwe ndiye anayemhudumia mzee, na mzee akisafiri kwenda kwenye ukoo, mkwe ndiye anayemfikisha.

Sasa akaja Ramazani.

Ngoja niwaambie mapema ili mnielewe. Ramazani ndiye aliyepeleka posa kwa mke wangu, Zaina, kabla yangu. Wazee walimkataa kwa sababu alikuwa anahangaika kwenye machimbo ya dhahabu kule Salamabila, leo yupo kesho hayupo. Mimi nikapewa. Ni mambo ya zamani, watoto wameshakua, lakini mwanaume akikwambia ameyasahau mambo kama hayo, mwangalie vizuri.

Basi Ramazani akarudi kutoka Salamabila, akajenga nyumba ng'ambo ya barabara, tunatazamana mlango kwa mlango. Akanunua pickup. Akanunua kompresa, na impact ya upepo.

Wakuu, ule mlio!

Trrrrr! Nati imetoka. Trrrrr! Nyingine. Mimi bado navisha bomba kwenye spana, yeye ameshatoa tairi anakunywa chai.

Watu wakahamia kwake. Waendesha pikipiki wakawa wanasimama kutazama tu. Hayo niliyavumilia.

Nilichoshindwa kuvumilia ni siku Zaina alipokuwa anaanika nguo, akatazama ng'ambo, akasema tu hivi, bila ubaya wowote:

"Ramazani anamalizaka mbio, ee!"

Niliingia ndani nikakaa kitandani kama mgonjwa. Maneno yale yalinizunguka kichwani hadi kesho yake.

Nikampigia muuzaji mmoja wa vifaa Bukavu. Hakuniuliza nina gari gani, na mimi sikumuuliza chochote cha maana. Nilimwambia neno moja: nataka kubwa, yenye nguvu kushinda zote ulizonazo. Ya Ramazani ilikuwa ya nusu inchi, nilishaichungulia. Mimi nikachukua ya robo tatu, zile za kufungulia malori. Mtu mzima mwenye pickup!

Ilipofika niliipakata. Ilikuwa nzito, inang'aa, na namba kubwa ya nguvu kwenye boksi. Nilikuwa nikiitazama ile namba nasikia raha.

Kompresa sikununua. Nilikuwa nayo dukani, ile ndogo ya kujazia upepo pikipiki. Huku kwetu kompresa inayoshinda kutwa ikijaza tairi za pikipiki bila kuchoka, watu wote wanaiita kompresa ya nguvu. Nami nikaamini hivyo. Sikujua kwamba kujaza tairi na kuzungusha impact ni kazi mbili tofauti kabisa. Tairi linasubiri. Impact haisubiri, inafyonza upepo wote wa tangi kwa mara moja, na ile kubwa ndiyo mlafi zaidi.

Siku yenyewe ya aibu ilikuwa siku ya mahari.

Mdogo wake Zaina alikuwa anaolewa, na mahari ilikuwa inapokelewa Wamaza, kwenye ukoo wao. Mzee Salumu lazima awepo kabla wageni hawajafika, ndiye baba. Safari ilikuwa kwa gari lake, dereva ni mimi. Nilikuwa nimeisubiri siku ile. Nilitaka Wamaza nzima inione nashuka kwenye usukani na kumfungulia mlango baba mkwe.

Asubuhi mzee akaleta gari. Breki ya nyuma ilikuwa inalia. Kazi ndogo. Kwa bomba langu ningeimaliza bila mtu kujua.

Lakini Ramazani alikuwa amesimama kwenye geti lake.

Nikawasha jenereta, nikaunganisha kompresa, nikatoa mashine yangu mpya. Vijana wa pikipiki wakasogea. Nikabonyeza.

Tu-tu-tu-tu... tuu... Kimya.

Upepo umeisha. Tukasubiri tangi lijae. Nikabonyeza tena, ikakohoa, ikakata. Kijana mmoja akacheka, nikamkazia macho. Mwisho nikazunguka upande wa pili wa gari, nikachukua bomba langu, nikalegeza zile nati kimyakimya, halafu nikazimalizia kwa mashine ili mlio usikike. Ndugu zangu, wivu unamfanya mtu mzima aigize.

Breki nikasafisha, nikarudisha tairi. Hapo ndipo nilipoharibu kila kitu.

Nati ya tairi unaianzisha kwa vidole. Kila mtu anajua, nami najua. Ukiona inaingia laini, ndipo unaikaza. Lakini tangi lilikuwa limeshajaa, na Ramazani alikuwa amevuka barabara, amesimama karibu kabisa anatazama. Nikaweka nati kwenye mdomo wa mashine, nikaibandika kwenye boliti, nikabonyeza kwa hasira zangu zote.

Safari hii haikukohoa. Ilinguruma vizuri sana. Nati ikaingia upande, boliti ikakatika. Nikadhani ni bahati mbaya, nikarudia kwenye iliyofuata. Nayo ikakatika.

Mzee Salumu alikuwa ameshavaa kanzu yake na kofia. Akainama akatazama.

"Mutoto wangu, hii gari itafika Wamaza?"

"Haitafika, baba."

Boliti za aina ile hazikupatikana Kasongo siku ile, na barabara ya Wamaza si ya kwenda na tairi linaloning'inia. Pickup yangu nayo nilikuwa nimeshusha gear box wiki nzima. Mama mkwe alikuwa ameshakaa na masufuria yake, amejifunga kitenge kipya.

Ramazani akasema taratibu: "Baba, yangu iko tayari. Twende."

Wakahamisha mizigo. Mzee akakaa mbele, Zaina akakaa katikati, kati ya baba yake na Ramazani. Nyuma kulibaki nafasi pembeni ya mama mkwe, na kwetu mtu hawezi kubanana na mama mkwe wake kwenye bodi ya gari, ni kukosa adabu kubwa. Zaina akaliona hilo.

"Kuja ukae hapa mbele, mimi nitaenda nyuma na mama."

Yaani nikae bega kwa bega na Ramazani hadi Wamaza. Nikasema hapana, nabaki kutengeneza gari la baba. Gari lisilo na boliti! Zaina alinitazama, hakunibembeleza.

Wakaondoka. Nilibaki uani na ile mashine yangu, sina hata cha kufungua.

Walirudi kesho yake. Zaina alikuwa na furaha, mahari ilikwenda vizuri. Akanisimulia huku anacheka kwamba shangazi yao mkubwa, ambaye macho yake siku hizi hayaoni vizuri, alimpokea Ramazani pale mbele ya wageni wote, akamwekea jogoo mikononi: "Mukwe wetu, umetuletea baba. Kamata jogoo yako."

"Na wewe ulisema nini?" nikauliza.

"Mbele ya wageni? Tulinyamaza."

Nilitoka nje. Nikamkuta Ramazani anavuka barabara na jogoo mwenyewe, amembeba kwa mkono wa kushoto.

"Ndugu, hii ni yako. Walinipatia kwa kukosea."

Nilimpokea. Nilitamani angekuwa mtu mbaya ili nimchukie bila kusumbuka. Nikamuuliza, maana sikujua niseme nini, kwa nini alichagua mashine ndogo vile wakati pesa ya kubwa alikuwa nayo.

"Nilitafuta kwanza kompresa yenye tangi kubwa, kisha nikauliza inaweza kulisha mashine gani. Na si kwa kupenda. Bega hii ya kuume ilivunjika ku shimo, Salamabila. Siwezi kusukuma bomba. Mimi nilikuwa nakutazamaka pale geti, nasema, huyu mutu ana bahati. Ana mikono."

Hakusema ana nini kingine. Hakuhitaji.

Kwa wanaotaka ushauri: anza na kompresa, angalia inatoa upepo kiasi gani, ndipo utafute impact inayolingana nayo. Nusu inchi inatosha gari la nyumbani. Mpira wa kupitisha upepo usiwe mwembamba. Nunua soketi nyeusi za impact, vile vikombe vya kushika nati; zile zinazong'aa zinapasuka. Nati anzisha kwa vidole, malizia kukaza kwa spana ya mkono. Na usinunue kifaa siku ambayo moyo unakuuma.

Mimi nimeshaiuza ile ya robo tatu kwa mwenye lori. Nimerudi kwenye bomba langu.

Jogoo Zaina alimpika siku ileile, kwa mawese na pilipili, hajawahi kupika vizuri vile. Kabla hatujakaa kula, akachota bakuli. Akatia paja. Nikadhani ni langu. Akalifunika kwa sahani, akanipa mkononi.

"Pelekea Ramazani, ingali ya moto."

Wakuu, nilivuka barabara na lile bakuli. Na paja la pili alikuwa ameshalitia humohumo.

Waliooa humu, hebu nisaidieni: mngepeleka, au mngelilia njiani?