Duka Langu la Simu ya Upepo

Binti wa kaka yangu anauza viatu kwa simu. Anapiga picha ya kiatu kilichoko kwenye duka la mtu mwingine, anaiweka mtandaoni, mteja anatuma fedha, ndipo yeye anapokwenda kukinunua na kukipeleka stendi. Alinieleza hayo yote polepole na kwa huruma, akihakikisha kila baada ya sentensi kwamba shangazi yake bado anafuata. Nilimwacha amalize. Kisha nikamwambia kwamba kazi hiyo nimeifanya mimi hapahapa Shinyanga katika miaka ya tisini, bila picha, bila mtandao na bila mtaji wa hata kandambili. Akacheka. Basi naandika, asome mwenyewe.

Nilikuwa opareta katika kiwanda cha kuchambua pamba. Kazi yangu ilikuwa simu ya upepo, ile redio ya kuzungumza kwa zamu: unabonya kitufe unasema, unamaliza kwa "ova", unaachia unasikiliza. Vituo vya kununulia pamba vijijini vilinipa taarifa zao, nami nilikuwa na sheria moja tu. Kila ulichoambiwa, kirudie kwa sauti, neno kwa neno, mpaka mwenzako athibitishe. Ukikosea jina la kijiji, lori linalala porini. Nilizoea hivyo hata nyumbani, ukinituma chumvi, ningekujibu, "Chumvi, pakiti moja, narudia, chumvi." Watu walinicheka, ila chumvi ilifika.

Kisha kiwanda kikaanza kupunguza watu, nami nikapunguzwa.

Kaka yangu mkubwa, ndiye aliyenilea baada ya wazazi wetu kufariki, akaja kutoka kijijini kwetu Samuye kunitazama. Alikaa kwenye kitanda changu, maana kiti sikuwa nacho, akakitazama chumba changu cha kupanga nyuma ya stendi. "Mdogo wangu," akasema, "mjini ni pa wenye kazi. Mvua za kwanza zikinyesha nakuja na mkokoteni, tukalime." Hakusema kwa ukali, na hilo ndilo lililoniumiza. Mtu mkali unaweza kugombana naye. Kulima sikukuona aibu, nimekua na jembe mkononi. Lakini niliupenda mji ule hadi kelele za mabasi yake, na nilijua wazi kwamba nikishakipandisha kitanda changu kwenye ule mkokoteni, sitarudi tena. Nilikuwa na muda mpaka mvua.

Nilizunguka kutafuta kazi hadi soli zikaisha. Siku moja nikapita mbele ya duka la mama mmoja wa Kihindi, mjane, aliyeuza vitambaa na magodoro. Antena ndefu ilisimama juu ya bati lake, kwa kuwa alikuwa na simu ya upepo ya kuwasiliana na wateja wake wa machimboni, huko Runzewe na Geita. Ndani, karani wake alikuwa anapiga kelele: "Rudia! Rudia! Sikupati!" Alikuwa anabonya kitufe huku mwenzake bado anazungumza. Anakibonya, halafu analalamika kwamba hasikii! Mimi uzembe wa namna ile hunipandisha hasira hadi leo. Niliingia, nikampokonya kipaza sauti mkononi.

"Endelea, nakupata vizuri. Ova."

Upande wa pili alikuwa mama lishe wa machimboni. Alitaka sufuria kubwa ya kupikia ugali wa watu hamsini, yenye mfuniko wake. Nikamrudishia neno kwa neno. Nilipogeuka, mwenye duka alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Sufuria sisi hatuuzi," akasema.

Hapo sijui nilipatwa na nini. Nilibonya kitufe. "Ipo, mama. Mpe kondakta fedha kwenye bahasha, basi la leo. Kesho mchana unapikia. Ova."

"Iko wapi?" akauliza yule mjane.

"Sijui bado. Naenda kuitafuta."

Alinitazama, kisha akanitukana kwa Kisukuma. Alizaliwa mtaa uleule, na Kisukuma chake kilikuwa kizito kuliko changu mimi wa Samuye. Alipomaliza kutukana akacheka. Tukapatana palepale: kila asubuhi nitapokea simu za wateja wake, na zikiisha, redio ni yangu kwa nusu saa. Nilichoweka mezani kilikuwa sauti yangu tu, na kikakubaliwa.

Nilitoka mle ndani nakimbia. Sufuria niliiona sokoni, kwa fundi wa bati aliyekuwa na moja ya saizi ileile, nikamwomba asiiuze mpaka basi liingie. Jioni kondakta akashuka na bahasha yenye fedha, pamoja na kijikaratasi: "Kwa dada wa redioni." Jamani! Mtu ambaye hajaniona, wala hajui kwetu, amefunga fedha zake akanitumia. Niliibeba ile sufuria kichwani kuvuka mji mzima hadi stendi, iwahi basi la alfajiri, watu wakiniuliza msiba ni wa nani, nami nikiwajibu kwamba hakuna msiba, ni biashara.

Sasa, jambo moja kuhusu simu ya upepo: hakuna siri. Ukizungumza na mmoja, wote walio kwenye mawimbi hayo wanasikia, kambi baada ya kambi. Asubuhi ya siku ya tatu, yule mama alipotangaza kwamba sufuria imefika na mfuniko wake umekaa sawasawa, ikawa kila anayeachia kitufe, mwingine anabonya. Na mimi nataka! Dada, kandili zipo? Dada, viatu vya mtoto wa miaka minne? Nikawapanga kwa zamu, nikarudia kila agizo, kisha nikaingia mitaani, duka moja hadi jingine. Wenye maduka walinipunguzia bei kwa kuwa niliwaletea wateja wasiowajua, na tofauti ndiyo iliyonilisha.

Wachimbaji nao wakagundua utamu wake. Duara la mtu, yaani shimo lake la kuchimba, likitema dhahabu, hataki kununua kimyakimya. Anataka dunia isikie. Walikuja redioni kuagiza kwa mbwembwe: "Suruali tatu! Za kitambaa kizito! Narudia mwenyewe, tatu!" Wa kambi jirani alipandwa na wivu, akaagiza nne. Sikuhitaji tangazo.

Kosa langu lilikuwa dogo, tena nililifanya siku za mwanzo. Mteja mmoja aliniuliza, "Dada, duka lenu liko wapi?" Ningesema kweli. Badala yake nikajibu, "Nyuma ya stendi, mlango wa bluu." Huo ulikuwa mlango wa chumba changu. Tangu hapo nikawa nasema "dukani kwetu" bila hata kuona haya, na watu wakawa wananiambia niwasalimie wenzangu wa dukani. Wenzangu! Nilikuwa mimi na kitanda.

Kisha likatokea jambo la godoro. Mchimbaji mmoja aliyekuwa na mke Runzewe aliita kutoka kambini. Duara lake lilikuwa limetema. Akataka godoro nene na mashuka ya maua, yashushwe si Runzewe, bali kituo cha mbele yake, yapokewe na mwanamke fulani. Alisema harakaharaka. Mimi nami, kwa mazoea yangu ya kiwandani, nikabonya kitufe na kutamka kwa sauti safi: godoro, mashuka ya maua, kituo, jina la mwanamke, jina la mwenye kuagiza. "Thibitisha. Ova."

Mtu fulani akacheka huku kidole kikiwa bado kwenye kitufe, na kicheko hicho kikaenda nchi nzima ya dhahabu. Mke wake alikuwa na mgahawa jirani kabisa na kibanda cha redio cha Runzewe.

Wiki mbili baadaye mvua ikanyesha. Kaka yangu ni mtu wa ahadi. Kesho yake alasiri alikuwa mlangoni kwangu na mkokoteni wa ng'ombe wawili. Nilimweleza habari za redio, maneno yakinitoka mdomoni yakikanyagana, nikamwonyesha bahasha. Akasikiliza. Nilikuwa nakaribia kumshawishi, naapa, kwa sababu alikuwa ameanza kuuliza maswali. Ndipo mwanamke mmoja mnene, mwenye kitenge kilicholowa mvua, akasimama mlangoni.

"Mlango wa bluu," akasema. "Hapa ndipo dukani?"

Sauti yake nilishaisikia redioni, nikaitambua kabla hajajitambulisha. Ni yule mama wa mgahawa, wa Runzewe.

Nikaishia kusema "karibu." Akaingia. Akatazama kitanda, ndoo ya maji, nguo zangu kwenye kamba. Akafungua mlango wa nyuma akakuta uani kwa watu. "Bidhaa ziko wapi?"

"Ziko kwenye maduka ya watu, mama. Mimi nazitafuta."

"Kwa hiyo duka hakuna."

"Hakuna."

Kaka yangu aliinuka. Uso wake sitausahau. "Umekuwa ukiwauzia watu uongo?" akaniuliza, kwa sauti ya chini, mbele ya mgeni. Kwetu mwongo na mwizi hula sahani moja. Nilitamani ardhi inimeze.

Yule mama akakaza kitenge chake. "Watu wanakutumia fedha zao wakidhani una duka," akasema. "Kesho saa tatu nitakuja redioni, nizungumze nao." Akaenda zake kulala gesti. Asubuhi kaka yangu alikipakia kitanda kwenye mkokoteni, akakifunga kwa kamba, akaniambia twende nikawaage watu wa redio, tupite njia hiyohiyo.

Saa tatu tulikuwa wote pale dukani kwa mjane. Kaka alisimama mlangoni na fimbo yake ya ng'ombe. Wateja walikuwa wameshaanza kuita. Yule mama akanyoosha mkono apewe kipaza sauti, na mwenye duka akanitazama mimi. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema redio imeharibika kwa mvua. Nikampa, na kwa ujinga wa mazoea nikamwelekeza pa kubonya.

"Mwangaluka jamani," akaanza kwa salamu ya Kisukuma. "Ni mimi, mama wa mgahawa wa Runzewe. Mnanijua, na yaliyonipata mnayajua, mlicheka wote. Nimekuja Shinyanga kumkomesha huyu dada. Sasa sikilizeni. Duka hakuna. Ni chumba, kina kitanda na ndoo. Hana hata kiti cha kumkaribisha mgeni."

Kidole chake kilikuwa bado kwenye kitufe.

"Usiku kucha nimewaza. Mume wangu ananificha, rafiki zangu walinificha, wote mlikuwa mnajua. Aliyenifanya nijue ni huyu, kwa sababu alisema alichoambiwa, bila kupunguza wala kuongeza. Sasa nauliza. Miezi yote hii, nani alituma fedha asipate mzigo wake? Aseme sasa. Ova."

Akaachia.

Simu ya upepo ikiwa kimya haiwi kimya kabisa, inachemka kidogo. Nilisikiliza ule mchemko. Niliwafikiria wote, kambi kwa kambi, na nikajiuliza ni mzigo gani niliusahau, kiatu gani kilizidi namba, kondakta gani alikula bahasha. Hakuna aliyebonya.

Hatimaye sauti ya mwanamume, kutoka mbali sana: "Kama hana duka, basi halipi pango. Bei ishuke! Ova."

Mjane akaangua kicheko. Na hapo redio yote ikalipuka, wateja wakakanyagana, kila mmoja akidai kwamba bei ishuke na akiagiza papo hapo kabla haijashuka. Mwanamke akataka mabati. Mwingine akauliza kama naweza kumtafutia cherehani. Nilikamata kipaza sauti, nikawafokea wapange foleni, machozi yakinichuruzika na sauti ikiwa imara kabisa. Nikaandika, nikarudia, nikaandika. Yule mama wa Runzewe alivuta gunia akakalia, akaagiza chai kwa karani, na nilipomaliza akaniambia, "Mimi pia nataka godoro. La kwangu liwe nene kuliko lile, na ulitangaze kwa sauti."

Nilipotazama mlangoni, kaka yangu hakuwepo.

Nilitoka mbio nikidhani ananisubiri. Mkokoteni ulikuwa umeshafika mwisho wa mtaa, mtupu, yeye akitembea kando ya ng'ombe wake bila kugeuka nyuma. Kitanda changu alikuwa amekishusha palepale barabarani, mbele ya duka, kikiwa kimesimama kwa miguu yake minne, kamba zake amezikunja vizuri na kuziweka juu yake. Baiskeli zilikuwa zinakikwepa. Mwenye duka alianza kufoka kwa Kisukuma kwamba nimemzibia wateja njia.

Nikakaa juu ya kitanda katikati ya mtaa nikacheka mpaka mbavu zikauma. Kisha nikawaita karani na yule mama wa Runzewe wanisaidie kukirudisha chumbani, tena haraka, maana basi la saa sita lilikuwa linaingia na bahasha.