Wali wa Baba Kule Kimbiji

Tangu baba aache kuchonga vinyago kwa sababu ya mgongo, jikoni kwetu Kinondoni hapakaliki. Anavuta kigoda, anakaa mlangoni, halafu anakosoa. Kitunguu kimekatwa kinene. Gesi inababua chakula, haikiivishi. Wali wa kweli, anasema, ni ule aliokuwa akiupika yeye ujanani kule Kusini, walipokwenda porini kutafuta mpingo: mafiga matatu, kuni, na makaa juu ya mfuniko. Sisi wanawe hatukuwahi kumwona akichemsha hata chai.

Mama alivumilia weee, hadi siku moja akaweka mwiko chini.

"Haya, baba watoto, nipikie. Mie nataka kabla sijafa nile wali ambao sikuupika mwenyewe."

Nilicheka. Mama hakucheka, na kicheko changu kikakatika, maana hata siku za kuumwa alikuwa anapika kwanza ndiyo anameza dawa.

Baba naye ana kiburi chake. Kupika kwenye gesi, majirani wakimchungulia? Hataki. Akataka nje, kwenye upepo na kuni, kama zamani. Ndiyo maana Jumamosi moja kaka yangu aliazima gari na hema kwa rafiki yake, tukavuka daraja kwenda Kigamboni, tukaifuata barabara mbovu mpaka Kimbiji. Sharti lilikuwa moja tu: mama asiguse moto wala sufuria.

Mama akatandika mkeka, akanyoosha miguu, akakunja mikono kifuani. Sijapata kuona mtu anapumzika kwa shida namna ile. Kila baba alipokosea, vidole vya miguu vya mama vilicheza.

Na baba alikosea. Aliokota mawe ya ufukweni, meupe, mazuri, akayapanga mafiga. Akachomeka makumbi ya nazi na mabaki ya mpingo aliyoyabeba kwenye sandarusi. Njiti ya kwanza ikazimwa na upepo, ya pili ikamuunguza kidole, ya tatu ikatoa moshi wa kufukuza mbu wa Kigamboni nzima. Moto ulipokubali kuwaka, jiwe moja, ambalo bado lilikuwa na maji ndani, likapasuka paa! Kaka akajitupa chini kifudifudi. Sufuria ikaegama, maji yakamwagika.

"Ndo inavyotakiwa," baba alisema bila kututazama. "Jiwe bovu linajitoa lenyewe."

"Mzee, tukanunue chipsi tu?" kaka akauliza akiwa bado mchangani.

"Nyamaza."

Akaenda kuokota mawe makavu huko juu karibu na barabara. Moto ukawaka upya, tui likachemka, mchele ukaingia, na harufu ikaanza kutufikia. Nikajikuta namwombea.

Ikabaki kupalia, yaani kupunguza moto chini na kuweka makaa juu ya mfuniko ili wali ukauke vizuri. Hapo ndipo upepo ulipomchachamalia. Kila alipoweka makaa yalikolea mara moja, yakawa majivu, na majivu yenyewe yakapeperuka. Wali ungeungua chini na kubaki mbichi juu. Baba alichutama pale, mgongo umemkaza. Nilimhurumia kweli kweli.

Mama akainuka. Akaburuta mkeka hadi upande unakotokea upepo, akakaa karibu kabisa akiupa moto mgongo, akaitanua khanga yake mabegani.

"Mama, sharti!" kaka akapiga kelele.

"Nimegusa nini? Kule jua linanichoma."

Makaa yakatulia juu ya mfuniko. Kipande cha mpingo kililia kikarusha cheche, ikatua kwenye khanga, na mama hakujitikisa. Nilisema moyoni, haya ndiyo mapenzi, na machozi yakanilengalenga.

Wali ukaiva, punje moja moja. Baba akampakulia mama kwanza, kisha akasimama na mwiko mkononi kusubiri sifa. Mama akala tonge, akala la pili, akafumba macho.

"Mtamu," alisema.

Baba akatabasamu meno yote nje.

"Mtamu sana. Kumbe unajua!" Mama akafumbua macho, akamtazama. "Miaka yote hii, baba watoto, kumbe unajua!"

Tabasamu la baba likaanza kuondoka taratibu. Kaka akainamia sahani yake, mabega yanamtikisika.

Jumatatu jioni nilirudi kutoka kazini nikapita moja kwa moja jikoni. Gesi ilikuwa inawaka. Mlangoni, kwenye kigoda, alikuwa amekaa mama, amejitanda khanga yenye tundu la cheche.

"Kitunguu hicho kinene," alikuwa anasema.