Mlango Alioutaka Ratmi

Mtoto wa kaka yangu aliambiwa ataje kitu kimoja, chochote anachokitaka duniani, akataja mlango wa jikoni.

Si baiskeli. Si mbuzi mweupe kama alivyoomba mtoto wa jirani mwaka juzi. Mlango. Tena ule uliopigiliwa misumari.

Nikajisemea kimoyomoyo: hapa kuna mtu nyuma yake.

Ngoja niwaweke sawa. Naitwa Yekti. Nalima viazi na kaka yangu Tarmo huku juu Dieng, katika milima ya Java. Ratmi, binti wa Tarmo, ana miaka saba. Alipokuwa na miwili homa ilimshika wiki nzima, na ilipomwachia, nywele zake zikaanza kujisokota zenyewe. Hakuna aliyezisuka.

Watoto wa hivyo wapo kwetu, na utaratibu wao tunaujua. Huzigusi nywele mpaka mtoto mwenyewe aombe kukatwa, na akiomba anataja anachokitaka. Anapewa hichohicho. Ukikibadilisha, nywele zinarudi, na homa inarudi nazo.

Na homa ya Ratmi haikuwa ya mchezo. Mwezi ule peke yake ilimlaza mara tatu, midomo ikapasuka, akawa hata maji hayataki. Kwa hiyo alipoamka asubuhi moja akasema, "Nataka kukatwa," wifi yangu Giyah alilia kwa furaha.

Kisha akautaja mlango, na furaha ikaishia hapo.

Nyumba yetu ni moja iliyogawanywa kwa ukuta wa mbao. Huku tunakaa Tarmo, Giyah, Ratmi na mimi. Kule anakaa kaka yetu mkubwa, Kasdi, pamoja na mama yetu. Katikati ya majiko mawili kuna mlango aliouchonga marehemu baba.

Miaka miwili iliyopita ulishuka umande wa sumu. Ndivyo tunavyoiita barafu ile nyembamba inayolala juu ya majani ya viazi, jua likiigusa tu shamba linaungua jeusi. Dawa yake ni moja: uamke kabla ya jua, uyamwagie majani maji.

Kasdi aliamka. Shamba lake likapona. La Tarmo, hatua kumi pembeni, likafa lote.

"Niligonga," Kasdi akasema. "Niligonga mlango wa jikoni mpaka vidole vikaniuma."

"Nani alisikia?" Tarmo akauliza.

Jikoni tulikuwa tunalala mimi na Ratmi, karibu na jiko, kwa ajili ya joto. Wote wakanigeukia.

"Sikusikia kitu," nikasema.

Siku hiyohiyo Tarmo akachukua nyundo. Misumari tisa upande wetu. Kasdi naye akasikia kelele, akaleta ya kwake, tisa upande wake. Tangu hapo mama yangu mzazi nikawa namsalimia njiani kama mgeni.

Sasa mtoto anautaka mlango huo.

"Kafundishwa," Giyah akasema. "Mlango wa nini mtoto wa miaka saba? Atauvaa?"

"Ni Kasdi," Tarmo akasema. "Anataka ning'oe misumari kwa mkono wangu, kijiji kione nimepiga magoti."

Nilikutana na Kasdi bombani, ndoo mkononi. Akaniangalia juu mpaka chini.

"Mmemtuma mtoto adai mlango wa baba," akasema. "Na nyie watu wazima hamna haya."

"Sisi ndio tumemtuma?"

"Nani mwingine, Yekti? Mbuzi?"

Nikajaza ndoo yangu. Lakini nilirudi nyumbani nimeamua: aliyemfundisha Ratmi nitamkamata mwenyewe.

Siku tatu nilimchunguza mtoto kama polisi. Siku ya nne nikamkuta ameketi sakafuni kando ya ule mlango, anamenya viazi, mdomo umekaribia ufa. Ananong'ona. Nikajibanza nyuma ya gunia.

Upande wa pili ikajibu sauti ya mama.

"...usimwambie shangazi yako."

"Na akiniuliza, bibi?"

"Hata akikuuliza. Shika, ingali ya moto."

Chini ya mlango kikapenya kipande cha tempe, soya iliyochachushwa na kukaangwa. Ratmi akakitia mdomoni chote kwa mkupuo.

Nilikwenda shambani kwa Tarmo mbio. "Ni mama," nikamwambia huku nahema. "Kasdi kamtumia mama. Nimesikia kwa masikio yangu."

Tarmo akachomeka jembe ardhini. Halafu akasema, "Kaomba mlango. Atapata mlango."

Akaenda kwa fundi. Ukatengenezwa mlango mpya, mdogo, wa kimo cha Ratmi, ukapakwa rangi ya bluu.

"Baba Ratmi, kinachotakiwa ni kilekile," Giyah akasema. "Homa ikirudi utaipa huo wa bluu?"

"Mlango ni mlango."

Na mimi, kwa mdomo wangu, nikamuunga mkono kaka.

Jumapili uwanja ukajaa watu na vyakula. Mkataji alikuwa Mzee Naryo, mtu wa maneno machache anayenuka sigara za karafuu. Mama na Kasdi walisimama kwenye kizingiti chao, mikono imefungwa kifuani, wageni katika uwanja wao wenyewe.

Mzee Naryo akashika mkasi. "Ratmi, uliomba nini?"

"Mlango."

Tarmo akausogeza ule wa bluu. Ratmi akagusa kitasa, akauzunguka, akachungulia nyuma yake.

"Unafungukia wapi?"

"Haufungukii popote, mwanangu. Ni wako tu."

"Basi si huu."

Mzee Naryo akaurudisha mkasi kwenye sinia. "Sikati," akasema, akatafuta kiberiti chake.

Giyah akajishika kichwa. Nami damu ikanipanda, nikajitoma katikati ya watu.

"Huyu mtoto kafundishwa! Mama, sema mbele ya wote. Ni kitu gani ulimwambia mimi nisiambiwe?"

Mama hakupandisha sauti. "Una hakika unataka kisemwe hapa, Yekti?"

"Kisemwe."

"Mlango kauchagua mwenyewe, sikumfundisha," mama akasema. Akamtazama Ratmi. "Haya, mjukuu wangu. Hilo jingine mwambie shangazi yako."

Ratmi akanitazama bila hasira yoyote. Hilo ndilo lililonimaliza.

"Nautaka ule aliougonga baba mkubwa," akasema. "Mimi nilikuamsha, shangazi. Ukasema nyamaza, kuna baridi, lala. Ukatufunika blanketi. Ukiwa wangu, akigonga tena nitamfungulia mimi."

Sijui kama mmewahi kusikia uwanja mzima wa watu ukiacha kutafuna.

Ndiyo. Nilisikia. Alipiga mara tatu, akanyamaza, akapiga tena mara tatu, akaita jina langu. Sakafu ilikuwa kama barafu, nikajiambia Tarmo atasikia. Kulipokucha nikaliona shamba jeusi, nikauona uso wa kaka yangu, na aliponiuliza, "sikusikia" likatoka lenyewe. Likishatoka inabidi ulilinde. Nililinda miaka miwili kwa kuwashuku wengine wote.

"Aliniambia mwaka jana," mama akasema. "Nikamwambia asikuambie kwamba najua. Nilikuwa nakungoja uje mwenyewe."

Nilitamani Tarmo anitukane. Hakunitukana. Alinipita kama nguzo, akaingia ndani, na tukaanza kusikia misumari ikilia ikitolewa. Kasdi akabaki amesimama kidogo, kisha naye akaingia kwake. Ikasikika nyundo ya pili.

Nilihesabu mpaka kumi na nane.

Waliutoa mlango pamoja, mmoja kila upande, wakauweka mbele ya mtoto. Mzee Naryo akatupa sigara yake, akakata. Nywele tulizipeleka ziwani, kama ilivyo desturi. Miezi mitano sasa, homa haijarudi.

Mimi nimejifunza hili, na nawaachia: ukiona unamshuku kila mtu nyumbani kwenu, jikague kwanza wewe unalinda nini.

Mlango ni mali ya Ratmi, umeegemezwa kitandani kwake, hataki urudishwe ukutani. Kwa hiyo pale katikati ya majiko pana uwazi mtupu. Kaka zangu wanapita na vikombe vya kahawa. Upepo wa Dieng nao unapita, moja kwa moja hadi kwenye mkeka wangu.

Wiki iliyopita nikamwomba Giyah angalau pazia.

"Pazia la nini, wifi?" akasema bila kuinua macho kwenye sufuria. "Tukikufunika tena, si hutasikia kitu."