Uso Niliouchora kwa Nukta

Mama mmoja Mkongomani aliingia katika duka letu la kuchapa mabango, Bwera, upande wa Uganda, ameshika simu kwa mikono miwili. Binti yake alipotea siku walipovuka mpaka wakikimbia vita upande wa Beni. Picha alikuwa nayo moja tu, ya komunyo: watoto wamejipanga mbele ya kanisa, na uso wa binti haukuzidi punje ya maharagwe.

Nikaukata, nikaukuza. Ukavunjika vipande vipande vya mraba, kijivu na kahawia. Mama akarudi nyuma.

"Papa, huyu haiko mutoto yangu."

Nilitaka kumwambia haiwezekani, lakini alikwisha kuketi kwenye benchi, hana mahali pengine pa kwenda. Basi nikaanza kumchora upya juu ya ile picha, kwa maumbo: umbo la uso, la nywele, la pua, kila moja kwenye leya yake, yaani tabaka lake peke yake. Umbo la namna hiyo ulivute mpaka litoshe mlango, ukingo wake unabaki safi, maana kompyuta inashika nukta na mistari inayoziunganisha, basi. Jicho nililichora moja, nikalinakili na kuligeuza likawa la pili.

"Macho iko mukubwa kidogo," mama alisema. Nikavuta nukta chache. Pua na mdomo havikuguswa. "Mudomo, hapana. Anachekaka na upande moya." Nikavuta tena. Tulipofika kwenye kovu aliloniambia liko juu ya nyusi, aliinuka, akagusa kioo kwa kidole, akalia kwa sauti hadi wateja wakatoka nje.

Tulibandika mabango Mpondwe, sokoni Kasese, hadi mwaloni kwa wavuvi, Kasenyi. Simu zilipigwa, watu wakisema wamemwona. Tulipanda bodaboda tukiomba njia nzima, tukakuta mtoto wa mtu mwingine.

Mwaka uliofuata alirudi, amekonda. Hakuketi.

"Papa, mutoto anakomaa. Ule wa bango, watu hawatamujua tena. Umuongezee miaka."

Nikafungua faili. Leya za macho na kovu nikazifunga zisisogee, nikashika nukta za taya, nikazishusha polepole. Shingo nikairefusha. Mama alisimama nyuma yangu, akikisia sura ya binti asiyemwona akikua.

"Bado kidogo," alisema.

Nikashusha tena. Mabango hayo mapya yapo sasa Bugoye na Kyondo. Mpaka naandika haya, mtoto hajapatikana.