Ngazi Sita za Mzee Mayige

Nyumba ya Mzee Mayige pale Migato ina ngazi sita. Alizihesabu mwenyewe siku fundi alipozimaliza, na kwa miaka kumi na minne akaendelea kuwahesabia wageni, ingawa kila mgeni alikuja na macho yake. Aliijenga kwa kiinua mgongo alichopata alipostaafu katika kiwanda cha kuchambua pamba huko Bariadi. Fundi Sylvester alimshauri kwamba maji ya mvua hayatuami mahali pale, kwa hiyo msingi wa ngazi mbili ungetosha. Mayige alimjibu kwamba ngazi mbili ni za duka. Nyumba ya mkubwa wa ukoo lazima ionekane kutoka barabarani, na aliyekaa barazani aone mgongo wa kila ng'ombe anayepita.

Shija, mdogo wake wa tumbo moja, alijenga miaka mitatu iliyopita, upande wa pili wa kaya ileile. Fundi alikuwa yuleyule, lakini nyumba ilikuwa nyingine kabisa. Haikuwa na ngazi hata moja. Mlangoni ulitengenezwa mteremko mpole wa saruji, uliochorwa mistari ili mguu usiteleze. Mlango ulikuwa mpana. Choo kilikuwa ndani, hatua chache kutoka kitandani, chenye kiti cha saruji na bomba la chuma ukutani la kushikilia. Kuhusu kimo cha baraza, Sylvester alimkalisha Generoza, mke wa Shija, kwenye kigoda, akapima kwa kamba kutoka ardhini hadi nyuma ya goti lake.

Mayige alilishuhudia jambo hilo akiwa juu ya baraza lake, akacheka hadi akakohoa.

"Mdogo wangu," alisema kwa sauti ya kufika ng'ambo, "nyumba inapimwa kwa goti la mwanamke? Na paa utalipima kwa kilemba chake?"

"Goti ndilo litakalozeeka kwanza, kaka," Shija alijibu, akaendelea kushika kamba.

Mayige aliiita nyumba ile banda la mbuzi. Aliiita hivyo msimu mzima wa kilimo. Msimu uliofuata hakuwa na hamu tena ya kuiita jina lolote, kwa sababu wivu ulikuwa umekwisha kuingia, na ulikuwa umeingilia chooni.

Mkewe, Nyanjige, alianza kuumwa goti. Alipelekwa hospitali kule Somanda, akapewa dawa ya kuchua na kuambiwa aepuke kupanda na kuchuchumaa. Aliporudi, aliteremsha godoro lake, akalitandika katika nyumba ndogo ya jikoni. Watu walipouliza, Mayige alisema jikoni kuna joto. Hilo lilikuwa kweli, lakini haikuwa sababu. Na kila alfajiri, Nyanjige alijifunga kanga yake, akakatiza uwanja taratibu kwenda kwenye choo cha Shija. Mumewe alimtazama kutoka juu, peke yake katika nyumba ya vyumba vinne, roho ikimsokota kama kamba ya katani.

Siku moja alishindwa kuvumilia.

"Mama Novatus, choo chetu kimeota miiba?"

"Hakina miiba, baba. Kina kuchuchumaa. Nikichuchumaa pale utaniita asubuhi, nami nitakuitikia jioni, nikiwa palepale."

Baada ya choo likaja baraza. Wakati wa kukata michembe, viazi vitamu vya kuanikwa, ulipofika, wanawake wa jirani waliketi kwenye baraza la Shija, miguu imetulia chini, beseni katikati, visu vikienda na vicheko vikienda zaidi. Wazee waliotoka mnadani walipitia hapo kupumzika. Baraza la Mayige lilikuwa na viti sita vya mbao vyenye mito, na mito yote ilikuwa mipya kwa kukosa wa kuikalia. Hata mbwa wake alihamia ng'ambo.

Kijiba hicho cha roho kilikuwa na mzizi mrefu kuliko nyumba zote mbili. Mama yao aliishi miaka yake minne ya mwisho akiwa hawezi kuvuka kizingiti cha nyumba yake. Shija ndiye aliyembeba kila asubuhi kumtoa juani, na kumrudisha jioni. Mayige, aliyekuwa kiwandani Bariadi, alituma sukari na mablanketi, tena mablanketi mazuri. Lakini mama alipokata roho, mkono wake ulikuwa juu ya kichwa cha Shija, na Mayige alifika saa sita mchana, maiti imekwisha kuoshwa. Miaka mingi baadaye, siku Shija alipohamia nyumba yake, alisema maneno machache tu: "Nimejenga nyumba ambayo mama asingehitaji kubebwa." Mayige aliyachukia maneno hayo kuliko mteremko na bomba la chuma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli na hakuwa yeye aliyeyasema.

Basi habari ya posa ya Scola kutoka Mwamanyili ilipofika, Mayige aliipokea kama mvua ya Novemba. Scola alikuwa binti wa mwanawe Novatus, naye alilelewa na babu na bibi yake tangu alipoacha kunyonya. Novatus, aliyekuwa kazini Geita, alipiga simu kusema kwamba mazungumzo ya mahari yaongozwe na mzee. Na mahari ya binti wa ukoo huzungumzwa nyumbani kwa mkubwa. Hapo baraza la Shija halikuwa na la kusema.

Generoza alipita jioni ile kuleta maziwa.

"Shemeji, nasikia hao wazee wa Mwamanyili ni wazee kweli. Baraza letu lipo."

"Ng'ombe wa Scola watazungumzwa kwa mkubwa."

"Sawa, shemeji. Mimi nimesema tu lipo. Halijahama."

Jumamosi ya mazungumzo ilipowadia, ngazi zilikuwa zimepigwa deki mara mbili. Viti vilipangwa juu, Mayige katikati amevaa koti lake la kustaafia. Shija alisimama upande, kama impasavyo mdogo. Gari aina ya Noa liliingia uwanjani, wakashuka wazee watatu. Mkubwa wao aliitwa Mwandu, babu wa kijana aliyemposa Scola, mtu mrefu aliyekunjwa na miaka, mwenye fimbo ya mpingo.

"Mwangaluka," alisalimia.

"Mwangaluka, karibuni, karibuni huku juu."

Wale wawili walipanda. Mwandu alipanda ngazi ya kwanza, akapumua. Akapanda ya pili, akapumua kwa muda mrefu zaidi. Aliitazama ya tatu, akaitazama ya sita, kisha akasimama palepale kana kwamba ndipo alipokuwa anakwenda. Wenzake, walipogeuka na kumwona yuko chini yao, waliona haya, wakateremka.

Mayige aliinuka kitini. Aliwaita vijana waliokuwa karibu na gari.

"Mbebeni mzee, mleteni huku."

Mwandu aliinua fimbo, si kwa kupiga, bali kwa kuzuia.

"Waache, mkwe. Mimi nilibebwa nilipozaliwa, na nitabebwa siku ya kuzikwa. Hapo katikati natembea."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka, mpaka Mwandu alipocheka mwenyewe.

"Nyumba yako nzuri," aliendelea. "Kutoka hapa naiona yote. Lakini tukizungumza ng'ombe, mimi nikiwa huku na wewe huko, watu wetu watasema nilikuja kuomba msamaha. Tutapanga siku nyingine."

Aligeuka, akaanza kuitafuta ngazi ya kwanza kwa ncha ya fimbo. Mayige alijua vizuri maana ya siku nyingine. Washenga wakirudi bila kuketi, njiani huzaliwa maneno, na maneno hayo hufika Mwamanyili kabla ya gari. Alitupa macho uwanjani. Scola alikuwa ametoka jikoni na sinia la vikombe vya chai. Alikuwa amesimama katikati kabisa ya nyumba mbili, hajui alipeleke wapi. Mlangoni mwa jikoni Nyanjige alikuwa akimtazama mumewe. Shija naye alitazama ardhi. Wangesema neno moja tu, Mayige angekataa, na wote wawili walilijua hilo.

"Scola," aliita. "Peleka huko."

Alielekeza kwa kidevu, maana mkono ulikataa.

Wageni wakavuka uwanja. Mwandu akaupanda mteremko bila kuangalia chini, akizungumza na Generoza njia nzima. Mayige alibaki juu na viti vyake sita. Kisha akaanza kushuka. Kwa muda mrefu alikuwa anashuka watu wakiwa wamelala au wamekwenda shamba, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba yeye pia hushuka ubavu, kiganja ukutani, mguu mmoja ukiungojea mwenzake. Leo ulikuwa mchana na watu wote wapo. Ukutani hapakuwa na kitu cha kushika. Wote waligeukia chai kwa pamoja, na adabu hiyo ilimuuma kuliko kama wangemtazama.

Alipofika, nafasi ya katikati ilikuwa wazi, nguo safi imetandikwa. Shija alikuwa amesimama kando yake.

"Kaka, hatujaanza. Nani afungue maneno bila wewe?"

Mayige akaketi. Miguu yake ikagusa ardhi, yote miwili, sawasawa. Magoti yakanyamaza. Hayakuwa yamenyamaza hivyo tangu msimu uliopita wa pamba, na hapo ndipo wivu ulipomkata vizuri zaidi. Mpaka dakika ile alikuwa anaionea wivu sifa ya mdogo wake. Sasa aliuonea wivu usingizi wake, asubuhi zake, na mkewe asiyelala jikoni.

Mazungumzo yalikwenda vizuri. Walibishana kuhusu ndama mmoja kwa furaha kubwa, wakaelewana kabla ya chakula. Wakati wa kuaga, Mwandu alilipapasa baraza kama mtu anayepapasa ng'ombe wa maziwa.

"Alikuwa na akili aliyejenga hapa. Ni nani?"

Mayige aliitazama kwanza mistari ya mteremko.

"Mdogo wangu," Mayige alisema. "Wa tumbo moja."

Jumatatu asubuhi fundi Sylvester aliitwa. Alimkuta mzee amekaa kwenye ngazi ya chini, si juu.

"Nataka chumba na baraza, hapa chini, karibu na jiko. Na mteremko."

"Kama wa Mzee Shija?"

"Mteremko uzidi wake kwa upana, angalau shubiri mbili. Na baraza lizidi kwa urefu, hata kama ni nusu mita."

"Na kimo?"

Mayige alikohoa. Nyanjige alikuwa anapita kwenda ng'ambo, kanga begani.

"Mama Novatus, njoo ukae kwenye kigoda. Fundi anataka goti."

Nyanjige alisimama, akamtazama mumewe kwa muda, kisha fundi, kisha kamba.

"Litapimwa," alisema, "ila kwanza nasikia choo."

"Na choo kitakuwa ndani," alisema Mayige haraka. "Mabomba mawili. Shija ana moja."

"Sawa, baba. Lakini leo bado ninakwenda kwa hilo moja."

Akaenda zake taratibu. Mayige akavuta kigoda mwenyewe, akakiweka mahali penye kivuli, akamwambia fundi angoje.