Yusto Alimjibu Daktari Badala Yangu

Mimi Verdiana nilizaliwa Nyakatuntu, mashoto. Shule sikupelekwa. Nilichunga mbuzi, na baba alinichapa mkono wa kushoto kila aliponiona nikiutumia. Nilipoolewa na Yusto huku Mabira, mama yake alitangaza kwamba hali chakula cha mashoto. Basi mbele ya watu nilitumia wa kulia. Shambani, katikati ya migomba, nilikata majani na kuchuma kahawa kwa ule wangu. Yusto alijua. Miaka ishirini na mitano alishiba kwa mkono huo.

Mwaka jana kifua kilinibana hadi mgongoni. Mshipa mkuu wa damu umevimba, wakasema hospitali ya wilaya, nikapelekwa hospitali kubwa mbali na kwetu. Daktari alitueleza kwamba atapitisha bomba la kitambaa kutokea pajani hadi kwenye uvimbe, usije ukapasuka.

"Shida ni tawi hili linalopeleka damu mkono wa kushoto," alisema. "Bomba litaliziba, na mkono unaweza kukosa nguvu. Tunaweza kwanza kuitengenezea damu njia nyingine shingoni, lakini hapo tutampasua mara mbili. Mama anafanyia kazi mkono gani?"

"Wa kulia," Yusto akajibu kabla sijafungua mdomo.

"Una hakika, mzee?"

"Daktari, kwangu hakuna mashoto."

Daktari akaandika. Nami nikanyamaza, kwa sababu kwetu mke hamkatizi mume mbele ya wakubwa.

Asubuhi yake muuguzi alipoanza kusukuma kitanda kwenda chumba cha upasuaji, nilishindwa kuvumilia.

"Simama, mwanangu. Niitie daktari. Mimi ni mashoto."

"Mwanamke, unaniaibisha!" Yusto akafoka.

Daktari alikuja, akatutazama mmoja mmoja. "Sasa nimwamini nani?"

"Niletee kisu na ndizi mbichi nimenye," nikamwambia. "Utamjua mwongo."

Muuguzi alicheka. Yusto alichukua koti lake akatoka, hakurudi. Siku iliyofuata wakanipasua shingoni kwanza, kisha wakaweka bomba. Nilipozinduka daktari alikuwa amenishika kifundo cha mkono. "Damu inafika," akasema.

Nilirudi nyumbani nikakuta Yusto amehamia kwa mama yake. Jumapili moja kaka yake, Melkiory, akaja.

"Shemeji, omba radhi yaishe."

"Kwa kosa gani?"

"Umemwita mumeo mwongo mbele ya madaktari."

"Alidanganya, hakudanganya?"

"Hayo siyo tunayozungumza, shemeji."

"Mimi hayo ndiyo ninayozungumza. Mwambie aje aniombe yeye."

Melkiory aliondoka bila kumaliza chai. Yusto hajaja mpaka leo. Wanawake wa jumuiya yetu ya kanisani wanasema nimeponya mkono nikaua ndoa. Waseme. Ningenyamaza, nani kati yao angekuja kunilimia?