Vidole vya Timazi

Mafundi wenzake walimbandika jina la Timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia wima wa ukuta, kwa sababu kwa ukuta uliopinda hakuwa na msalie mtume. Aliwahi kumbomolesha mwashi mwenzake choo kizima, eti kimelala upande. Cha kuchekesha ni kwamba ukuta wa jiko lake mwenyewe, alioujenga mbiombio kwa mabaki ya matofali, ulikuwa umepinda waziwazi. Mkewe hakuuona. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu wakati huo, na Timazi alimwambia bila haya kwamba jiko limenyooka sawasawa.

Ukungu ule ulikuwa mtoto wa jicho. Daktari alisema upasuaji utamrudishia macho, na bima ya taifa italipa. Timazi alifurahi mno. Miaka yote alikuwa akichangia bima ile huku wenzake wakimcheka kijiweni kwamba analipia ugonjwa wa kuazima. Sasa hali ilikuwa imekaza, ujenzi umelala, watu wananunua saruji kwa kilo kama sukari, lakini kadi yake ilikuwa hai.

Kadi ilikuwa hai, vidole ndivyo vilivyomwangusha. Kwenye dirisha la bima, mwenye kadi, hata kama mgonjwa ni mkewe, lazima aweke kidole kwenye kimashine ili atambuliwe. Timazi akaweka gumba, kimashine kikalia. Akaweka cha shahada, kikalia. Akavimaliza vyote.

"Mzee wangu, unafanya kazi gani?" karani akamuuliza.

"Mwashi."

"Basi ndiyo hayo. Saruji imekula alama za vidole vyako. Kaa nayo mbali, paka mafuta, urudi mwezi ujao. Zitaota tena."

"Na huo mwezi mzima nile nini, mwanangu?"

Binti wa watu akamrudishia kadi. Njiani mkewe alimshika mkono na kusema, "Usijisumbue, baba. Mimi kupapasa nimeshazoea." Maneno hayo yalimchoma Timazi hadi moyoni.

Kukaa mbali na saruji hakukuwa na ugumu, maana kazi zenyewe hazikuwapo. Alijipaka mafuta asubuhi na jioni kama bibi harusi. Kisha, katikati ya mwezi, mkandarasi akapiga hodi. Amepata kazi ya kujenga madarasa, na anamtaka Timazi, kesho asubuhi.

Timazi alilitazama debe la unga, lilikuwa tupu hadi chini. Akamtazama mkewe, anakipapasa kikombe kilichokuwa mbele ya pua yake.

"Mikono yangu iko likizo," akasema. "Lakini macho ninayo. Nilipe nusu, nikusimamie kuta."

"Nusu ya fundi asiyeshika mwiko? Unanitania!"

"Haya, waache vijana wako wajenge peke yao, halafu uje unisimulie."

Mkandarasi alicheka, akaguna, akakumbuka hasara za nyuma, akakubali.

Basi kukawa na vituko. Timazi alizunguka pale kazini mikono nyuma, akifoka tofali hili, tofali lile, na mafundi wakimwita Mheshimiwa. Siku moja kijana wa zege alipiga lipu vibaya hadi Timazi akaona kizunguzungu. Mwiko ulikuwa hapo miguuni pake. Alichofanya ni kukaa juu ya tofali na kuikalia mikono yake yote miwili, huku akielekeza kwa kidevu.

Mwezi ulipotimia alirudi dirishani. Aliweka gumba, akafumba macho. Kimashine kilinyamaza, kikafikiri, kikawaka kijani. Karani akapiga makofi, na foleni nzima ikaitikia ingawa nusu yao hawakujua kulikoni. Timazi alililia gumba lake palepale, mtu mzima na ndevu zake.

Upasuaji ulikwenda vizuri. Bandeji zilipotolewa, mkewe akarudi nyumbani akitazama kila kitu, hata mawe ya njiani. Alifika mlangoni pa jiko, akainamisha kichwa upande.

"Baba."

"Naam."

"Huu ukuta umepinda."

Timazi, ambaye hapakuwa na mtu aliyewahi kumwambia neno hilo, aliuegemea ukuta wenyewe akacheka.

"Umepinda, mama," akasema, machozi yakimtiririka. "Tena umepinda sana."